Saa nane yangu na saa nane ya kompyuta: kumbukumbu ya bekapu za nyumbani

Jumapili, 11 Januari 2026

Diski ya kompyuta ya dukani imekufa Alhamisi. Ilianza kulia tk-tk-tk, nikadhani ni feni imeshika vumbi. Nikaizima ili niifungue nisafishe, na ndio ukawa mwisho wake. Kilichokwenda nayo ni daftari la madeni la miaka 3 kwenye Excel, pamoja na violezo vya barua, CV na kadi za harusi nilivyovitengeneza kimoja kimoja. Nusu ya violezo nimeikuta kwenye flashi ya zamani. Madeni sasa yanategemea kumbukumbu za wadaiwa wenyewe. Tanga ni mji wa watu wastaarabu, lakini ustaarabu nao una mpaka wake.

Kwa hiyo mradi niliouahirisha tangu mwaka juzi umeanza kwa lazima. Mashine ni tatu. Kompyuta ya stesheneri inatumia Windows na ina GB 22 za vitu vya maana. Laptopu yangu ni ya Debian (aina ya Linux), GB 180, karibu zote picha za harusi ninazopiga wikiendi. Ya tatu ni laptopu ya mke wangu, mwalimu wa sekondari: Windows, GB 9 za mitihani na alama. Duka ni fremu ya mbele ya nyumba hii hii, kwa hiyo zote zinatumia ruta moja.

Nimetoa kabatini Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani iliyolala muda mrefu, na kununua diski ya nje ya TB 2. Kwenye mashine zote tatu itakaa restic, programu ya kutengeneza bekapu, na kwenye Pi itakaa rest-server, mwenzake wa kupokea nakala hizo.

Jumatano, 14 Januari

Siku mbili hizi sijahifadhi kitu, nimefuta tu. Mwenye stesheneri anajua: mtu analeta kitambulisho cha NIDA, unakiskani, unamchapia, anaondoka, na nakala inabaki kwenye folda. Mwingine cheti cha kuzaliwa, mwingine hati ya kiwanja. Folda yangu ya skani ilikuwa na watu ambao hata sura zao siwakumbuki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria, nyaraka za mtu si zangu kuziweka miaka. Sasa folda hiyo inajisafisha kila baada ya siku 7, na bekapu inairuka kabisa.

Hata hivyo daftari jipya la madeni lina majina na namba za simu, na faili za mke wangu zina alama za watoto wa watu. Diski yenyewe ni ndogo kama kitabu cha Yasini, mtu anaitia mfukoni akaondoka. Ndiyo maana nimechagua restic: inasimba kila kitu kwenye mashine husika kabla ya kutuma, yaani inakigeuza kisisomeke bila nenosiri, kwa njia iitwayo AES-256. Pi inapokea marobota tu kama ya mkonge bandarini, haijui yaliyomo ndani.

Nilichokipenda zaidi ni namna inavyokata faili. Kabla ya kusimba, inazikata vipande vya wastani wa MB 1 hivi, na kipande ambacho tayari kipo ghalani (folda ya nakala kwenye Pi) hakitumwi tena. Faili ikibadilika mstari mmoja katikati, kinachosafiri ni kipande kile tu.

Jumamosi, 17 Januari

Asubuhi yote imeliwa na umeme. Diski ilikuwa inajitoa yenyewe kila ikianza kazi nzito. Kumbe nilikuwa nawasha Pi kwa chaja ya simu. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, na diski isiyo na chaja yake inanyonya humo humo. Nimetafuta adapta yake halisi, na diski imetulia.

Kila mashine nimeipa ghala lake na nenosiri lake. Ningeweza kuziweka zote kwenye ghala moja nikaokoa nafasi, maana vipande vinavyofanana vingehifadhiwa mara moja. Nimekataa kwa sababu ya kompyuta ya dukani. Flashi za wateja zinaingia pale kutwa nzima, na virusi vinaingia nazo. Siku kirusi cha kufunga mafaili kikifika, nenosiri lililo pale kitalipata, na sitaki lifungue ghala la mwalimu.

Kwa sababu hiyo hiyo rest-server inaendeshwa na `--append-only`. Mashine zinaruhusiwa kuongeza nakala, kufuta haziruhusiwi. Nimejifanya kirusi: nikakaa dukani nikaandika `restic forget` ili nifute nakala ya jana. Pi imenijibu 403, yaani huruhusiwi. Nimefurahi kama aliyelipwa deni. Kupunguza nakala za zamani kutafanyika kwenye Pi peke yake: za siku 7, za wiki 4, za miezi 12.

Bekapu ya kwanza ya laptopu yangu, kwa waya, imechukua karibu saa mbili. Nimerudia papo hapo, dakika 3.

Alhamisi, 22 Januari

Hili nitaliandika kwa kirefu, kwa sababu nimetafuta kosa siku mbili na mwenye kosa ni mimi.

Nakala zikishafika kwenye Pi, sehemu yake inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, ili nyumba ikipata moto tusipoteze vyote. Picha za harusi nimezitoa kwenye hesabu mapema. Kasi yangu ya kupandisha ni megabiti 2 kwa sekunde, na GB 180 kwa kasi hiyo ni zaidi ya siku 8 bila kupumzika. Zinazopanda ni za duka na za mwalimu, GB 31, saa 34 za kazi. Nikapanga zipande usiku, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili asubuhi, watu wamelala.

Jumanne asubuhi wateja wananilalamikia: mtu anajaza maombi ya kazi, ukurasa haufunguki. Nikawasha ruta upya. Jumatano vile vile, na kila mara ikianza saa tano. Nikaenda kuangalia Pi, nayo ndiyo inayopandisha mzigo mchana kweupe. Usiku, nilipoangalia, haikuwa imefanya lolote.

Nikafungua ratiba niliyoiandika mwenyewe usiku wa Jumatatu nikiwa na usingizi: `OnCalendar=08:00`. Saa nane! Maisha yangu yote naishi kwa saa ya Kiswahili, na kichwa kilipochoka kikaandika nilichofundishwa na mama. Kwa kompyuta, saa nane ya usiku ni 02:00.

Lakini hesabu bado haikukaa sawa. 08:00 ya kompyuta ni saa mbili asubuhi kwetu, na tatizo lilikuwa linaanza saa tano. Hapo ndipo nilipoandika `timedatectl`, amri ya kuonyesha saa ya mashine, na kukuta Pi bado iko kwenye saa za London, kama ilivyokuja. London kwa majira haya iko nyuma yetu saa 3. Makosa mawili yamepandana, na kila moja linaficha sura ya mwenzake.

Nimeiweka kwenye `Africa/Dar_es_Salaam`, nimeandika 02:00, na kabla ya kulala nimeiuliza kwa `systemd-analyze calendar` itaamka lini. Juu ya mstari huo kwenye faili nimeandika kwa maneno: SAA NANE USIKU, SIYO ASUBUHI. Nimeongeza pia `--limit-upload 150`, yaani isipandishe zaidi ya kilobaiti 150 kwa sekunde, ili hata nikikosea tena wateja wabakiwe na njia. Kwa kasi hiyo, GB 31 zitachukua kama usiku 14 badala ya 9. Hatuna haraka.

Kompyuta ya dukani haiwezi kufuata ratiba ya usiku kwa sababu usiku imezimwa. Yake nimeiweka saa saba mchana, watu wakiwa kwenye sala na chakula. Nimehesabu kwa vidole: 13:00.

Jumapili, 1 Februari

Wiki nzima kimya, nikaona mambo yamenyooka. Leo nimefungua folda ya `snapshots`, inayoorodhesha kila nakala iliyofika, kwenye Pi kwa kupitisha muda tu. Laptopu ya mke wangu haijaleta kitu kwa siku 9.

Kazi ilikuwepo kwenye Windows, imewashwa, saa tatu usiku kama tulivyokubaliana. Ila kipangaji kazi cha Windows, usipokigusa, kinaanza kazi pale tu kompyuta ikiwa kwenye umeme. Ikiwa kwenye betri kinaruka, wala hakikwambii. Mke wangu anasahihisha akiwa kitandani, na chaja iko sebuleni. Nimeondoa tiki hiyo, nikaweka ile ya kwamba kazi iliyokosa saa yake ianzwe mara mashine ikipata nafasi. Kwenye Debian jambo hilo hilo ni mstari mmoja, `Persistent=true`. Na kwa kuwa kazi inaweza kujianzisha akiwa shuleni, skripti inaanza kwa kutafuta Pi, isipoiona inanyamaza na kusubiri arudi nyumbani.

Siku hizo 9 zimeniuma kuliko diski iliyokufa. Diski angalau ililia. Nimetengeneza skripti ndogo: kila saa moja asubuhi Pi inaangalia tarehe ya faili la mwisho katika folda ya `snapshots` ya kila ghala na kunitumia mstari mmoja Telegram. “Duka siku 0, mimi siku 1, mwalimu siku 0.” Inatuma hata kama kila kitu kiko salama, ili siku nisipoupata ujumbe nijue Pi yenyewe ndiyo imelala.

Jumamosi, 7 Februari

Leo nimejaribu kurudisha. Nimeazima laptopu ya jirani, nikajisemea: nyumba imeungua, una hii tu na hifadhi ya mtandaoni, haya. Nimesakinisha restic, nimeandika anwani ya ghala, ikaniomba nenosiri. Nenosiri ni herufi 40 zilizotengenezwa na mashine, na zimehifadhiwa kwenye laptopu yangu. Ile iliyoungua. Yaani nimefunga sanduku, na ufunguo nimeusahau ndani.

Na restic haina mlango wa uani. Ukipoteza nenosiri, umepoteza vyote.

Nimeongeza nenosiri la pili kwa kila ghala (`restic key add`, ghala moja linakubali zaidi ya moja), safari hii maneno saba ya Kiswahili. Sikuyachagua mwenyewe, ningeishia kwenye majina ya wanangu. Nimerusha dadu kupata ukurasa wa kamusi, kisha nikarusha tena kupata neno. Kuna moja sikulijua maana mpaka leo. Nimeyaandika kwa kalamu kwenye karatasi mbili.

Moja iko kwenye mkoba wa vyeti wa mke wangu. Ya pili nimeipeleka leo hii kwa mama Muheza, pamoja na diski ya picha za harusi. Kile ambacho mtandao ungechukua siku 8, basi limekifikisha mchana mmoja. Mama ameifungua karatasi, akasoma yale maneno yasiyoungana, akanitazama.

“Mwanangu, hii hirizi umeandikiwa na nani?”

“Ni ufunguo, mama. Wa kwenye kompyuta.”

“Haya.” Ameikunja, akaisukuma chini kabisa ya sanduku la kanga, mahali ambapo naamini hirizi nazo hukaa.

Nimerudi usiku nikajaribu tena kwenye laptopu ya jirani kwa maneno saba. Faili la alama za kidato cha pili limefunguka. Nimemrudishia laptopu yake na mkungu wa ndizi za Muheza.

Ijumaa, 13 Februari

Kuna tundu lililokuwa linanisumbua. Ili kupunguza nakala na kuzipandisha mtandaoni, Pi inahitaji manenosiri. Kama yako kwenye kadi yake, mwizi anayebeba Pi na diski anabeba marobota pamoja na kisu cha kuyafungulia. Nimeyahamishia `/run`, folda inayokaa kwenye RAM tu, kumbukumbu ya muda ya mashine. Umeme ukikatika yanafutika, na mimi inabidi niyaingize tena kutoka kwenye simu. Kupokea bekapu hakusimami, kwa sababu rest-server haihitaji kujua nenosiri la ghala lolote.

Ni kero, na wiki hii imenikuta mara mbili. Ya kwanza umeme ulikatika mtaa mzima. Ya pili ni uniti zilikwisha nikiwa kwenye harusi Pongwe, nazo nilikumbushwa asubuhi. Nitavumilia.

Jumanne, 24 Februari

Ramadhani imeivuruga ratiba kidogo. Ujumbe wa leo: “Duka siku 0, mimi siku 0, mwalimu siku 4.” Saa tatu usiku yuko tarawehe na laptopu imefungwa. Asubuhi anaifungulia shuleni, ambako Pi haionekani, na akirudi hana nguvu ya kuigusa.

Nimemuuliza mwenyewe mwezi huu anaifungua saa ngapi akiwa nyumbani. Amesema baada ya daku, anapoandaa somo akisubiri adhana ya alfajiri. Nimeihamishia saa kumi na moja alfajiri. Nimeandika 05:00, nikahesabu tena kwa vidole, kisha nikamwita yeye ahesabu.

Diski ya Muheza niliirudisha Jumapili ili ipate picha mpya. Inaondoka tena Idd, kwenye kikapu cha tambi.