Siku moja maishani mwangu: fundi wa vepu, Mwembe Tayari

Kazi yangu ni kuuza na kutengeneza vepu, zile sigara za umeme, katika kibanda hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Nilianza na simu, na simu bado nazishika, lakini siku hizi vepu ndizo zinazonilia muda. Watu huniuliza nashinda nikifanya nini na kidude kinachoingia kiganjani. Basi leo nawapitisha Jumamosi yangu, na njiani nitalitoa jambo lililonikaa rohoni: watengenezaji wamalize kwanza kile walichokwisha kutuuzia, ndipo watuletee kingine.

Saa 12:30 asubuhi

Nakaa Likoni, kwa hiyo siku inaanza na feri. Nikishuka ng'ambo nanunua mahamri na mbaazi, napanda matatu.

Saa 2 asubuhi

Nafungua, na kabla ya kupanga mali namulika kabati kwa tochi. Naigeuza podi, yaani kile kikopo kidogo cha juisi ya vepu, mojamoja kuangalia zilizovuja usiku. Mombasa ni joto, na kibanda cha mabati kinalala na joto lake. Hakupiti wiki nisipokuta tako la podi limelowa, limenata, lanukia embe.

Sababu yake haina ajabu. Juisi ya vepu ni propilini glaikoli na glisarini, pamoja na ladha na nikotini. Ikipata joto inalegea, inakuwa nyepesi. Papo hapo ile hewa iliyonaswa juu ya juisi inatanuka na kuisukuma chini. Mlango uliopo ni yale matundu ya koili, yaani waya unaoipasha juisi moto, yanayolisha pamba. Ikishapita hapo inaingia njia ya hewa, na mwisho wake ni kihisi, yaani kile kinachotambua kwamba mtu anavuta. Kihisi kikilowa, ama kidude hakiwaki tena, ama kinajiwakia chenyewe mfukoni.

Wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa Moi nao hunijia na shida iyo hiyo, ila yao imeanzia angani. Ndege ikipaa, shinikizo la hewa ndani yake linapungua, hewa ya kwenye podi inatanuka, juisi inatoka. Mtu anafika Nyali shati lina doa mfukoni.

Hon Lik, yule mfamasia wa China, alibuni sigara ya umeme ya kisasa mwaka 2003. Zaidi ya miaka 20 imepita. Katika muda huo nimeona skrini za rangi, taa zinazocheza, vihesabu vya mikupuo, yaani mara ngapi umevuta. Kuvuja bado kupo, na dawa yake ninayoitumia mimi ni kimpira cha duara kinene kidogo kuliko kile cha kiwandani. Kimpira! Kiwanda kinachoweza kutia skrini kwenye kidude cha ukubwa huu kinaweza kutia kimpira kinachobana.

Saa 3:30 asubuhi

Kijana wa tuktuk amekuja na vepu mpya kabisa, karatasi ya nailoni bado imebaki pembeni. "Fundi, hii haichaji. Nimeuziwa mbovu."

Naichomeka kwenye chaja yangu ya zamani yenye waya wa kichwa kipana: inachaji. Naichomeka kwenye chaja yake, ile yenye waya wa kichwa cha USB-C pande zote mbili, huku na huku: kimya. Nimekwisha jua tatizo, lakini naifungua ili aone mwenyewe. Chini ya kioo cha kukuzia namwonyesha tundu la chaji na pini mbili zinazotakiwa kila moja iwe na rezista yake, kijipande cha kuzuia umeme kiasi, ya kilo-omu 5.1. Hizo rezista ndizo zinazoiambia chaja, "kuna kifaa hapa, leta umeme." Zisipokuwepo, chaja ya USB-C huku na huku haitoi kitu. Kwenye bodi hii nafasi zimeachwa tupu. Rezista yenyewe ni ndogo kuliko punje ya ufuta, na bei yake hata haihesabiki.

Nimemlehemia rezista mbili, nikasafisha kwa spiriti, chaja yake ikakubali. Alifurahi. Mimi nilikasirika, kwa sababu kidude hiki ni toleo la tatu la jina hilo hilo na matoleo yote matatu yana pengo hilo hilo.

Sisemi kwamba kukosea ni dhambi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilipotoka Juni 2019 ilikuwa na kasoro ya ukoo huu: pini mbili ziliungwa kwenye rezista moja badala ya kila pini na yake, na baadhi ya nyaya zikakataa kuipa umeme. Wenyewe walikiri, wakarekebisha bodi, wakaendelea kuiuza kwa jina lile lile. Sikuona wimbo wala tarumbeta. Hayo ndiyo ninayoyataka kwa vepu.

Saa 5 asubuhi

Aliyefuata ni mzee mmoja dereva wa trela, anayebeba makontena kutoka bandarini kwenda Malaba, mpakani na Uganda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye stuli bila kusema. Kisha akaweka vitu viwili mezani: vepu yake na pakiti ya sigara ambayo haijafunguliwa.

"Mwanangu, nimezunguka Digo Road yote. Koili za hii hakuna. Wananiambia ninunue mpya."

Naijua vepu ile, maana niliiuza mimi. Mwili ni wa chuma, betri bado inashika chaji, kitufe kinajibu vizuri. Kiwanda kilipotoa toleo jipya kilibadilisha upana wa koili kwa kiasi ambacho jicho halikioni, kisha kikaacha kutengeneza zile za mwanzo. Koili ni kitu cha kuisha, huungua baada ya wiki moja au mbili. Ukimnyima mtu koili umekiua kidude chake kizima.

Mzee huyu alivuta sigara tangu ujana wake, pakiti kwa siku, na zaidi barabarani usiku. Vepu si dawa, wala sijawahi kumwambia mteja kwamba ni salama. Nikotini ni uraibu popote ilipo. Lakini kwake yeye ndiyo iliyomtoa kwenye moshi, na pakiti ile aliinunua asubuhi ileile baada ya duka la mwisho kumwambia hakuna.

Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe nusu saa."

Niliichukua koili yake iliyoungua, nikachomoa pini ya chini na kimpira kinachotenga umeme, nikatoa wavu uliokuwa mweusi na pamba iliyoganda. Nikakata waya wa kanthali, ule wa chuma, kromiamu na aluminiamu, nikauzungusha mara 6 kwenye bisibisi ya milimita 2.5. Kuurudisha ndani ndiyo kazi: miguu ya waya ikigusana tu, umeme unapita mkato. Nikapima, mita ikasoma omu 1.1. Nikatia pamba safi, nikaidondoshea juisi, tukangoja iloe vizuri ili isiungue mkupuo wa kwanza. Mzee alivuta taratibu, akatikisa kichwa kukubali. Pakiti aliisukuma upande wangu. Sikumtoza ila bei ya waya.

Koili ya namna hii nitamfanyia tena kila akipita. Lakini nani atamfanyia akiwa Malaba?

Saa 7 mchana

Wali wa nazi na samaki wa kupaka, swala, kisha nakaa kivulini kidogo. Kijana aliyevaa sare ya shule aliingia akiuliza bei. Nilimrudisha. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 bidhaa za tumbaku, na mimi kwa vepu naishika vilevile.

Saa 9 alasiri

Muuzaji wa jumla amekuja na katoni. Vidude vipya kutoka Shenzhen, na vinapendeza kwa kweli, sitadanganya. Nilimuuliza swali moja: koili zake zinaingia kwenye mwili wa toleo lililopita? Haziingii. Basi sikuchukua.

Jirani yangu wa spea za simu hukaa akinisikiliza, na leo amenikatiza. "We dada, kama si mambo mapya tungekuwa bado na yale matundu madogo ya chaji yaliyokuwa yakivunjika kila siku." Kweli, na hilo nalikubali: kuhamia USB-C kulikuwa kupiga hatua, na nimebadilisha matundu ya zamani hadi nikachoka. Kipya kinachoondoa kasoro nakipokea kwa mikono miwili. Ninachokataa ni kipya kinachobeba kasoro yote ya jana, kikaongeza taa, kikaua spea.

Na mfano wa kilichodumu upo. Uzi wa 510, ule wa skrubu unaounganisha tangi la juisi na mwili wenye betri, nyuzi 10 zenye nafasi ya nusu milimita, umekaa miaka mingi kwenye vepu kubwa. Tangi la kiwanda hiki unalifunga kwenye mwili wa kiwanda kile. Betri ya 18650 vilevile: upana milimita 18, urefu milimita 65, ikichoka unatia nyingine. Hakuna aliyefilisika kwa sababu ya uzi huo. Viwanda vilibuni juu yake, na mteja hakutupwa.

Saa 11 jioni

Saa ya vidude vya kutupa. Watu huniletea vilivyokwisha, nami nachomoa betri na kuzihifadhi kwenye debe la mchanga, maana betri ya lithiamu ikitobolewa kwenye lori la taka linaloelekea jalala la Mwakirunge inaweza kuwaka. Nyingi ya betri hizi ukizipima ni nzima, zinachajika. Kidude kilitengenezwa kife na betri hai ndani yake.

Uingereza ilipiga marufuku vya kutupa tarehe 1 Juni 2025. Viwanda vikajibu kwa vidude vya umbo lile lile, vikiongezwa tundu la chaji na podi ya kubadilisha. Kumbe inawezekana! Kilichokosekana ni wa kuvilazimisha.

Sheria nayo inaweza kuumiza upande wa pili. Marekani, tangu Agosti 8, 2016, kidude kilichobadilishwa huhesabiwa bidhaa mpya inayohitaji idhini kabla ya kuuzwa. Nia ni kulinda watu, naiheshimu. Lakini anayetaka kurekebisha kimpira cha podi anaingizwa foleni moja na anayeleta kidude kigeni kabisa. Hapo kurekebisha kunageuka adhabu. Wangeacha mlango mwepesi kwa anayeziba uvujaji au kuongeza rezista mbili.

Saa 1:30 usiku

Nimefunga hesabu. Yule muuzaji wa jumla ana mawasiliano na kiwanda, kwa hiyo nimemwandikia ujumbe apeleke, na picha za bodi nimezitia. Nimeomba vitu vitatu. Koili za kila toleo ziendelee kutengenezwa miaka 5 baada ya toleo kuacha kuuzwa. Vimpira viuzwe kando, kwa pakiti, vya unene unaohimili joto la Pwani. Rezista mbili zitiwe kwenye kila tundu la USB-C, kuanzia toleo wanalolitengeneza sasa hivi.

Amenijibu kwamba ataupeleka Jumatatu. Nimemwambia oda yangu ya mwezi ujao inangoja jibu la hilo la koili.