Bogenvilia ya pingili: majani yakitoka, usiihamishe bado

Pingili ya bogenvilia, yaani kipande cha tawi la ua hilo kilichokatwa ili kioteshwe, huchipua majani mapema, na hapo ndipo wengi huipoteza. Wanaihamisha, siku chache imenyauka. Majani yale ya kwanza hutumia chakula kilichokuwa ndani ya tawi, mizizi haijatoka. Ipe wiki 6 hadi 10.

Kata tawi lenye unene wa penseli ambalo gome lake limeanza kuwa la kahawia, na lisiwe na maua. Tawi changa la kijani huoza upesi. Urefu sm 15 hadi 20, vifundo (mahali majani hutokea) 4 au zaidi. Chini kata mshazari karibu kabisa na kifundo, juu kata kwa usawa; hivyo hutaichomeka kichwa chini. Ondoa majani yote.

Viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche ya mikorosho, vinafaa, mradi viwe na matundu chini. Changanya mchanga wa mto ndoo 2 na mboji iliyooza vizuri ndoo 1. Mchanga wa ufukweni, ambao kwa mtu wa Mikindani au Lindi mjini uko karibu mno, una chumvi: uache. Samadi mbichi nayo huunguza.

Zamisha vifundo 2, shindilia udongo kwa vidole, weka kivulini. Huu si muhogo wa kuchomeka shambani ukaondoka. Mvua zinapoanza, Desemba hivi, hewa yenye unyevu husaidia sana, lakini viriba viwe chini ya paa la makuti, maana mvua kubwa hutuamisha maji. Wakati wa upepo wa kusi funika kwa mfuko wa plastiki angavu, uufunue kidogo kila siku. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole: kukiwa na unyevu, acha. Pingili iliyo nyeusi chini na gome linalobanduka imeoza kwa maji mengi, itoe.

Usiivute kupima mizizi. Ni myembamba, hukatika. Subiri ichungulie kwenye matundu, kisha chana kiriba kwa wembe, uupande mche na udongo wake wote, penye jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku.

Alamanda, ua jingine la bustani, hufuata njia hiyo hiyo, ila utomvu wake mweupe una sumu na huwasha ngozi. Vaa glovu, suuza mkato, na vipande vilivyobaki visiachwe mbuzi au watoto wakavifikia.