Magari 27 mahali pa 169

Tarehe 23 Oktoba 2010 wazimamoto wa London waligoma kwa saa nane, kuanzia saa nne asubuhi. Jiji lilizoea kuwa na magari 169 ya kuzimia moto. Siku hiyo yalikuwepo 27 tu, na waliokaa ndani yake walikuwa watu wa kampuni binafsi, AssetCo, iliyopewa mkataba wa miaka mitano wa kuziba pengo kama hilo. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimiliki na kuyatengeneza magari ya zimamoto ya London.

Ugomvi wenyewe ulihusu zamu. Menejimenti ilitaka zamu ya mchana yenye urefu wa saa 9 na ya usiku yenye urefu wa saa 15 zigeuzwe kuwa za saa 11 na 13, na ilikwisha anzisha taratibu za kuwaachisha kazi watu wapatao 5,500 ili iwaajiri upya kwa masharti mapya.

Zamani kazi ya kuziba pengo ilikuwa ya jeshi. Mwaka 1977, na tena 2002, wanajeshi walitolewa pamoja na Green Goddess, magari ya zimamoto ya miaka ya 1950 yaliyokuwa yakitunzwa ghalani. Baada ya sheria mbili za 2004 mzigo ukashushiwa mamlaka za zimamoto zenyewe: kila moja ijipange itakavyofanya kazi hata wakati wa mgomo. Hapo ndipo mkandarasi alipopata mlango.

Chama cha wazimamoto, FBU, kilipinga, na wengi walidhani hoja ni moja tu: mgomo usio na makali si mgomo. Hoja hiyo ipo, na sioni sababu ya kuionea aibu. Iliyo nzito zaidi iko kwenye kazi yenyewe.

Chukua gari moja la kawaida la Uingereza. Tangi lake hubeba lita 1,800 hivi. Fungua mpira mmoja wa maji unaotoa lita 500 kwa dakika, na kabla ya dakika ya nne tangi ni tupu. Kwa hiyo wawili wakiingia na mpira, wenzao wawe tayari wamefunua mfuniko wa bomba la maji ya kuzimia moto barabarani, wameachia maji kidogo kutoa mchanga na kutu, kisha wameunganisha na pampu. Mwendesha pampu akizubaa pale anapohama kutoka maji ya tangi kwenda ya barabarani, mpira unalegea mikononi mwa walio ndani, na moto hauwasubiri.

Hewa nayo ina hesabu yake. Mtungi wa lita 6.8 anaoubeba mzimamoto, uliojazwa hadi shinikizo la bar 300, una takriban lita 2,000 za hewa. Akivuta lita 50 kwa dakika, hizo ni dakika 40, na za mwisho ni akiba isiyoguswa: filimbi ya tahadhari ikilia, mtu awe yuko nje, si ndiyo aanze kutafuta mlango. Pale mlangoni hukaa mwenzao na ubao. Kila anayeingia humwachia kibao chenye jina lake, kiasi cha hewa na saa. Yeye ndiye anayejua nani amebakiwa na dakika ngapi, na ndiye anayeita kikosi cha uokoaji mtu asipotoka. Kozi fupi hufundisha kuvaa mtungi. Kupanda ngazi yenye moshi bila kuona kiganja chako, huku ukimwamini mtu wa ubao ambaye umefanya naye kazi miaka, hakufundishwi kwa wiki chache.

Kikosi kisicho na uzoefu huo, busara yake ni kubaki nje na kurusha maji dirishani. Ghala lisilo na watu litavumilia. Aliyenaswa ghorofa ya tatu hatavumilia.

Msomaji atauliza sheria ilikuwa wapi. Uingereza ina kanuni ya 7 katika kanuni za mawakala wa ajira za 2003, inayomkataza wakala kupeleka vibarua wafanye kazi za waliogoma. Serikali iliifuta Julai 2022, vyama vikaenda Mahakama Kuu, na Julai 2023 ufutaji huo ukabatilishwa. Lakini kanuni hiyo humbana wakala anayetoa watu. Anayeuza huduma nzima, na watu wake mwenyewe, hapiti mlango huo. (Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kutumia wafanyakazi mbadala katika mgomo halali, ila zimamoto imo katika orodha ya huduma muhimu, ambako haki ya kugoma imebanwa tangu mwanzo.)

Kisa cha 2013 ndicho kinachowauma wanachama mpaka leo. Agosti mwaka huo, ugomvi wa pensheni ukinukia, magari 27 yaliondolewa vituoni ili wakandarasi wa dharura, safari hii Securitas, wayapate. Januari 2014 vituo kumi vikafungwa na magari 14 yakapunguzwa kwa mpango mwingine kabisa, yakabaki 155 kwenye karatasi. Migomo ikaisha. Kati ya yale ya wakandarasi, 13 hayakurudi vituoni, na Machi 2016 ikaamuliwa kwamba hayatarudi tena. Hesabu ya jiji ikawa magari 142.