Ibada ya Watu Wachache: Uzoefu Wangu wa Kuandaa Jumuiya Inayompa Kila Mtu Nafasi

Jumuiya ninayoieleza hapa haina jengo, haina mchungaji wa kuajiriwa, wala haina jina lililosajiliwa popote. Ni Wakristo wachache wanaokutana kusali kwa namna ambazo ni nadra kuzikuta katika ibada ya kawaida ya Jumapili. Wametoka madhehebu mbalimbali. Baadhi yao ni waumini hai wa makanisa yao hadi leo, na wengine waliacha kwenda kanisani kwa sababu zisizofanana: ndoa iliyovunjika, maswali yaliyoitwa uasi, ulemavu ambao kila mhubiri alitaka kuukemea utoke, au mapenzi ambayo kanisa lao halikuyakubali. Mimi ndiye niliyewaalika kwa mara ya kwanza, na tangu hapo nimekuwa miongoni mwa wanaobeba mzigo wa maandalizi. Nitaeleza zaidi upande wa mpangilio, kwa sababu nimeshuhudia kwamba mtu hujua kama amekaribishwa kweli pale anapoona ibada yenyewe imepangwaje, hata kabla hajapewa mkono wa karibu.

Makanisa mengi hutangaza kwamba watu wote wanakaribishwa, na hutangaza hivyo kwa nia njema, lakini aliyeketi nyuma hutambua upesi kwamba nafasi yake ni ya kusikiliza, kusimama anapoambiwa na kutoa sadaka. Paulo, anapowaandikia Wakorintho katika sura ya 14 ya waraka wake wa kwanza, anaeleza mkutano ambamo kila mmoja anakuja na kitu: huyu zaburi, yule fundisho, mwingine ufunuo. Makutaniko ya aina hiyo yaliweza kutosha ndani ya nyumba ya mtu, kama lile la nyumbani kwa Priska na Akila linalotajwa katika Warumi 16. Kwa hiyo nilipokuwa nikiwaalika watu sikuwauliza wanaamini nini. Niliwauliza wangependa kuleta nini, na swali hilo peke yake lilinionyesha nani amezoea kuulizwa na nani hajawahi kuulizwa kabisa.

Tulianza na Biblia, kwa njia ya hatua saba iliyotungwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambayo jumuiya ndogo ndogo nyingi za Kikatoliki huitumia. Mtu mmoja anamwalika Bwana kwa sala fupi, somo linasomwa, kila anayependa anataja kwa sauti neno au kifungu kilichomgusa, bila kukifafanua, kunakuwa na kimya, kisha watu wanashirikishana walichosikia, wanazungumza juu ya jambo wanaloitiwa kulitenda, na kufunga kwa sala za papo kwa papo. Uzuri wa njia hii umo katika hatua ya tatu, kwa maana anayetaja maneno mawili tu ya Maandiko amekwisha kushiriki kikamilifu, na msomi wa teolojia katika hatua hiyo hana la kumzidi. Tuliongeza kanuni yetu moja: yeyote anaweza kusema "napita" zamu yake inapofika, na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kwa nini.

Jioni moja somo letu lilikuwa habari ya Bartimayo kipofu katika Marko 10. Karibu wote tulirudia maneno ya uponyaji au ya imani. Ilipofika zamu ya dada mmoja asiyeona, alitaja kwamba watu wengi walimkemea Bartimayo anyamaze, kisha dada huyo naye akanyamaza. Katika hatua ya kushirikishana alisema, "Ndugu zangu, nimehubiriwa habari hii tangu utotoni, na kila mara mhubiri hukimbilia macho. Mimi husikia umati unaomnyamazisha, halafu namsikia Yesu anamuuliza, 'Wataka nikufanyie nini?' Hakudhani anajua. Aliuliza." Hakuna aliyeongeza neno juu ya hayo, na haikuwa lazima. Tangu siku hiyo, anayeongoza ibada huuliza kabla ya kumsaidia mtu, kabla ya kumwekea mkono begani na kabla ya kumwombea kwa jina, na jibu la hapana hupokelewa kama jibu jingine lolote.

Kuhusu kimya, nilijifunza kutoka pande mbili. Upande mmoja ni Waquaker, kundi la Wakristo ambao tangu karne ya 17 huko Uingereza wamekuwa wakiketi pamoja bila mahubiri yaliyoandaliwa, wakisubiri mtu asukumwe na Roho kusema. Upande wa pili ni jumuiya ya watawa ya Taizé nchini Ufaransa, ambayo Ndugu Roger aliiweka misingi yake mwaka 1940, na ambayo katikati ya sala zake huacha kipindi kirefu bila wimbo wala neno. Kimya cha namna hii ni kigumu kwa watu waliolelewa katika ibada zenye vipaza sauti, na kusema kweli dakika tatu za mwanzo huwa ni za kukohoa na kusogeza viti. Kilichotusaidia ni kutangaza muda wake waziwazi na kumpa mtu mmoja kazi ya kuangalia saa, ili wengine wasikae wakijiuliza kama kiongozi amesahau kinachofuata. Tuliwaeleza pia waliokuja wakiwa na majeraha kwamba kimya huweza kuamsha kumbukumbu nzito, na kwamba kufungua macho, kutembea au kutoka nje si utovu wa heshima.

Nyimbo za Taizé zilitatua jambo jingine ambalo nilikuwa nimelifikiria sana. Ni fupi, maneno yake ni machache, na huimbwa kwa kurudiwarudiwa hadi sala iingie mwilini. Asiyeweza kusoma, mtoto, na mgeni asiyejua kitabu cha nyimbo cha dhehebu lolote, wote huwa wameushika wimbo kufikia mara ya tatu au ya nne. Tulikuwa na mwimbaji hodari aliyetamani kwaya ya sauti nne. Tulimwomba awe mwanzishaji, atoe sauti ya kwanza kisha ashuke chini ili wengine wasikike, na sijui kazi ngumu kuliko hiyo kwa mwimbaji hodari.

Tumejaribu pia njia za mwili. Kanisa kuu la Chartres nchini Ufaransa lina njia ya mzunguko iliyochorwa sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13, yenye kipenyo cha karibu mita 13 na mizunguko 11, ambayo mtu huifuata polepole hadi katikati na kurudi kwa njia ileile. Haina njia panda, hivyo hakuna anayepotea. Tulitaka kutengeneza yetu kwa utepe wa gundi kwenye sakafu ya ukumbi tulioazimwa. Kabla ya kubandika chochote, tulimwomba mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu atuonyeshe anavyogeuka, tukapima upana anaouhitaji kwenye kona, na hesabu ikatuonyesha kwamba ukumbi ungetosha mizunguko mitatu tu. Tukabandika mitatu. Yeye ndiye aliyetangulia, na sisi wenye miguu tulijikuta tukienda kwa mwendo wake, jambo lililoifanya sala kuwa ndefu na bora zaidi kuliko tulivyotarajia. Wapo waliosema kwamba kuzunguka sakafuni hakuwaambii kitu, wakaketi pembeni na Zaburi zao, nayo ikawa sawa.

Sehemu iliyotugharimu mjadala mrefu zaidi ilikuwa Meza ya Bwana. Miongoni mwetu wamo wanaoamini kwamba Ekaristi haiadhimishwi pasipo padre aliyewekwa wakfu, wamo wanaoamini kwamba waumini wawili wenye mkate wanatosha, na wamo waliowahi kuzuiwa mezani ambao kwao habari yenyewe ni kidonda. Katika maamuzi huwa hatupigi kura; tunafuata desturi nyingine ya Waquaker, ya kuzungumza hadi uelekeo wa pamoja uonekane, kisha mmoja anauandika palepale na kuusoma kwa sauti ili kila mtu aukubali au aurekebishe. Ilichukua mikutano kadhaa. Hatimaye tuliandika kwamba tutakula pamoja mlo wa upendo, ule ambao Wakristo wa kwanza waliuita agape, bila kutamka maneno ya kuweka wakfu na bila kumwita mtu yeyote kuhani wa mlo huo. Tunatumia sala ya shukrani kutoka Didakhe, mwongozo wa kale sana wa Kanisa ambao nakala yake ya Kigiriki ilipatikana mwaka 1873: humo shukrani ya kikombe hutangulia ya mkate, na mkate uliomegwa unaombewa kwamba, kama ulivyokuwa umetawanyika juu ya milima ukakusanywa kuwa mmoja, ndivyo Kanisa likusanywe. Mwenye kutaka Ekaristi huenda parokiani kwake, na hakuna anayemwona kuwa amepungukiwa uhuru.

Maombolezo yalikuja baadaye, na sasa siwezi kufikiria jumuiya kama hii bila hayo. Ibada nyingi hukimbilia ushindi. Mtu aliyefiwa huimbishwa furaha kabla hajakauka machozi. Sisi tumetenga ibada nzima za kuomboleza, na mara kwa mara tunasoma Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani bila mstari hata mmoja wa kutuliza. Anayeongoza haruhusiwi kuongeza mstari huo kwa niaba ya mtunga zaburi. Wapo waliolalamika kwamba tunakatisha watu tamaa, lakini waliokuwa wameacha kusali kabisa ndio walioanza kusema "Amina" kwa sauti katika ibada hizo.

Yapo pia ya mamlaka, ambayo sipendi kuyaeleza kwa haraka. Ibada mpya na kundi dogo lenye ukaribu mkubwa ni mahali ambapo mtu mmoja anaweza kujipatia nguvu kupita kiasi, na mfano wake unajulikana: huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1986 ilianzishwa ibada ya vijana yenye muziki wa disko, taa na picha za ukutani, iliyosifiwa sana ndani ya Kanisa la Anglikana hadi ilipovunjwa mwaka 1995, baada ya kubainika kwamba kiongozi wake aliwanyanyasa wanawake waliokuwa chini yake. Nilisoma habari hizo kabla sijamwalika mtu, na ndiyo maana kanuni hizi ziliandikwa mapema. Hakuna anayeongoza mara mbili mfululizo. Hakuna ushauri wa kiroho wa watu wawili faraghani nyuma ya mlango uliofungwa. Fedha kidogo tunazochanga hushikwa na wawili na hesabu husomwa mbele ya wote. Mwenye malalamiko, yakiwemo malalamiko dhidi yangu, anajulishwa jina la mtu wa nje ya jumuiya ambaye anaweza kumwendea moja kwa moja. Kijana mmoja aliniambia kwamba kanuni hizi zinanukia ofisi. Nilimjibu kwamba ofisi nyingi zina haki ya likizo, sisi tuna haki ya kulalamika. Akacheka, akatia sahihi.

Ukubwa wa kundi huamua karibu kila kitu nilichokieleza. Watu wakizidi kumi na tano, hatua ya kushirikishana haimaliziki, wanaosema "napita" wanaongezeka, na wale wale watatu wanaanza kujaza nafasi. Tulipofika hapo tuligawanyika kwa hiari, ingawa baadhi waliona uchungu kutengana na marafiki. Kundi la pili limechagua njia zake: wanaimba sana, wana ngoma, kimya chao ni kifupi, na watoto ndio wanaosoma somo. Sala ya Didakhe wameiacha. Walichokichukua kwetu bila kukibadilisha ni kanuni ya "napita" na zile za mamlaka, na mwezi huu ni zamu yao kuja kukagua hesabu zetu.