Barabara ya Flatow

Kilichonipeleka Olympiastadion ya Berlin ni Jesse Owens, mkimbiaji wa Marekani. Nilitaka kuiona ile njia aliyokimbia kwenye Olimpiki ya mwaka 1936. Kampuni moja ya mtandaoni ikaniuzia tiketi ya siku ambayo uwanja umefungwa kwa matayarisho ya tamasha! Ukijumlisha nauli ya treni, hela hiyo inakutoa Dar hadi Morogoro na kukurudisha, na soda juu.

Mpwa wangu, anayesoma hukohuko, akaanza kubishana na mlinzi. Mimi nikasimama chini ya kibao cha barabara: Flatowallee. Mzee mmoja mwenye mbwa akaniona nakikodolea macho. Akasema alikuwa mwalimu wa michezo, kisha hakunyamaza tena. Mpwa wangu akaacha ugomvi, akaja kutafsiri.

Alfred Flatow na binamu yake Gustav Felix walikuwa Wayahudi, wakaiwakilisha Ujerumani kwenye jimnastiki Olimpiki ya Athens, 1896. Alfred alishinda kwenye nondo mbili sambamba, akawa wa pili kwenye nondo moja. Kwa timu wakashinda wote wawili, mara mbili. (Kwenye nondo moja timu iliyojitokeza ni yao peke yao, lakini ushindi ni ushindi.) Waliporudi walilaumiwa, maana wakubwa wa jimnastiki ya Kijerumani hawakutaka kabisa mashindano hayo ya kimataifa.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Gustav Felix alikimbilia Uholanzi. Alfred alibaki Berlin. Mwaka 1942, akiwa na miaka 73, wakampeleka kambi ya mateso ya Theresienstadt, na mwaka haukuisha akafa. Vita vikamfuata binamu yake hadi Uholanzi. Naye akaishia kambi ileile, akafa kwa njaa Januari 1945.

“Jina hili limewekwa mwaka 1997 tu,” mzee akasema, akimvuta mbwa wake. Miaka mia moja na ushei baada ya Athens!

Kwenye treni nikamuuliza mpwa wangu kama anaujua mtaa wowote kwetu wenye jina la John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 goti limefungwa bandeji.

Akawaza hadi tukafika kituo cha Zoologischer Garten.

“Mjomba, si kuna Uwanja wa Mkapa?”

“Huyo alikuwa rais.”

“Basi subiri,” akasema, akatoa simu.