Kumbukumbu ya mradi: Peugeot moyoni, KE70 gereji

Nimeshachagua gari la zamani la kulijenga upya. Lengo ni hili: sura ya zamani ibaki ilivyo, chini yake iingie injini, breki na nyaya za umeme za kisasa, nami niweze kutoka Nairobi hadi Nakuru na kurudi bila kumbeba fundi kiti cha nyuma.

Moyo ulikuwa kwa Peugeot 504. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya injini ya V6 mwaka 1978, na wazee wakisikia tu nataja 504 wananiwekea kiti wanisimulie. Kwenye barabara mbovu inatulia mno. Ila nyingi nilizoziona zilibeba abiria hadi zikachoka mifupa, na sikupata fundi aliyewahi kuifunga injini ya kisasa. Datsun 160J nayo, aliyoshinda nayo Shekhar Mehta Safari hiyohiyo mwaka 1979, mwenye nayo anaijua historia hiyo na anakutajia bei ya historia. Kuagiza Japani ndiyo usahau, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane.

Ikabaki Toyota Corolla KE70. Nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, na AE86, Corolla ya kimichezo, ilitokana na msingi huohuo, kwa hiyo injini yake ya 4A-GE ya lita 1.6 na giaboksi ya T50 si jambo geni humo. Nimeshikilia saluni kwa sababu nyuma ina springi za koili. DX, Corolla ya mzigo, ni rahisi kuipata, lakini ina springi za majani, yaani bamba za chuma zilizopangana, na kuzibadilisha ni mradi mwingine kabisa.

Wanaoanza wengi huuliza injini kwanza. Mimi naanza na bodi, naenda na sumaku niliyoifunga kitambaa, maana hushika bati tu. Kuna KE70 moja nyekundu iliyong'aa kama sahani ya harusi. Sumaku ilishika mlangoni vizuri, ilipofika juu ya gurudumu la nyuma ikaanguka. Fila tupu, ile ya kuzibia bati lililooza. Nikainua kapeti upande wa dereva, nikaona changarawe za uani kupitia sakafu iliyotoboka.

Niliyoinunua ni ya rangi ya maziwa iliyopauka kwa jua, injini yake ya 4K haiwaki. Lakini sumaku imeshika pembeni kote, sakafu ni bati la kiwandani, chini ya kioo cha mbele hakuna kutu, zinapofungwa shokomzoba za mbele hapajawahi kuchomelewa, na namba ya chasisi inalingana na logbook. Muuzaji alikuwa akiomba radhi kwa injini. Mimi nilikuwa naihesabu kama punguzo, kwa kuwa ingetolewa tu.

Kinachofuata ni kuivua yote ibaki bodi, kisha breki. Injini itangoja: sitaki nguvu mpya juu ya breki za zamani, na ikishafungwa lazima namba yake ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kwa hiyo sitagusa injini isiyo na stakabadhi, hata iwe rahisi vipi.