"Have" na Waukraine wangu

Jioni nafundisha Kiingereza mtandaoni, na wanafunzi wengi ni Waukraine. Wiki hii tumekomaa na "have", yaani "kuwa na", na jamani, kitenzi hiki kina mambo!

Kumiliki hakukuwasumbua. Wao wana njia mbili: "u mene ye brat", yaani kwangu kuna kaka, au "ya mayu brata", nina kaka. Hiyo ya pili inabeba hata ulazima: "ya mayu ity", inanibidi niende. Kwa hiyo "I have to go" waliidaka papo hapo. Raha ya mwalimu hiyo!

Kasheshe ikaja kwenye chakula. Kiukraine kina kitenzi kizima cha kula asubuhi, snidaty, na kingine cha mchana, obidaty. Dada mmoja wa Lviv, mji wa huko Ukraine, akauliza, "Have breakfast? Kwani unaimiliki?" Nilicheka mpaka simu ikaanguka. Halafu tukafika "I have had lunch", have mbili zinafuatana! Mimi nina "nimeshakula" yangu ya kujishikiza. Wao wakati uliopita hauna kitenzi kisaidizi cha namna hiyo. Tukabaki kuulizana nani ameshakula nini, mpaka umeme ukakatika kwa yule dada.

Kesho ni "have my hair cut", yaani kunyolewa nywele na mtu mwingine. Mniombee.